Mbwa na matunda: apewe lipi, anyimwe lipi?

Ukikaa tu kumenya embe, huyo hapo. Ameketi mbele yako, macho yanakifuata kisu, udenda unamdondoka. Umpe au usimpe? Haya hapa maswali ambayo wafugaji wa mbwa huuliza mara nyingi, na majibu yake.

Kwani mbwa anahitaji matunda?

Hahitaji. Chakula chake kikiwa kamili, kinamtosha. Hata vitamini C, ambayo sisi binadamu ni lazima tuipate kwenye chakula, yeye hujitengenezea mwenyewe kwenye ini. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema mbwa wake anakula chungwa ili asishikwe na mafua, mwache na chungwa lake. Tunda kwa mbwa ni kitamutamu: cha kumfurahisha, au cha kumtuza anapoitwa akaja. Na utamu anausikia kweli, tofauti na paka ambaye ulimi wake hauujui kabisa.

Matunda gani hayana shida?

Tufaha, peasi, ndizi, tikiti maji, papai, nanasi, embe, stroberi, buluberi. Liwe limeiva na limeoshwa. Hapa shida haiko kwenye nyama ya tunda, iko kwenye mbegu, kokwa na ganda. Tikiti na papai toa mbegu, nanasi toa ganda na ule mti mgumu wa katikati. Tufaha lina mambo mawili. Mbegu zake zina amigdalini, ambayo ikitafunwa hutoa sianidi. Mbili tatu zilizomezwa nzimanzima hazitamwangusha, usihangaike, ila usifanye mazoea. La pili ni kile kiini chenyewe, ambacho mbwa mdogo anaweza kukabwa nacho.

Makokwa ya pichi, plamu, aprikoti na cheri yana sumu ya namna hiyohiyo, tena yanaziba utumbo. Lakini kokwa ninaloliogopa kuliko yote ni la embe, na nina sababu. Siku moja nilimaliza embe, nikaacha kokwa ukingoni mwa sahani, nikageuka kuchukua kitambaa cha mikono. Kurudisha macho, sahani tupu. Sikusikia hata mlio wa meno. Mbwa alilimeza kama mtu anavyomeza kidonge. Usiku ule alilala vizuri. Kesho yake akatapika, akanywa maji akayatapika, na ukimgusa tumbo anajikunja na kugeuza kichwa. Aliishia kupasuliwa. Akapona, lakini tangu siku hiyo kokwa la embe kwangu linatoka mkononi na kwenda moja kwa moja kwenye pipa lenye mfuniko.

Dalili za utumbo kuziba ndizo hizo: kutapika kusikokoma, kukataa chakula, tumbo kuuma, choo kupungua au kukosekana kabisa. Hazingoji wiki iishe.

Zabibu je? Mbwa wa jirani anazila na hajapata kitu.

Hapa sibembelezi mtu: hata moja usimpe. Zabibu mbichi, zabibu kavu, keki na mikate iliyotiwa zabibu kavu, vyote vinaweza kuua figo za mbwa. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakiona mbwa wanaugua bila kujua sumu yenyewe ni ipi. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani wakaelekeza kidole kwenye asidi ya tartari, baada ya kuona figo zikiharibika vilevile kwa mbwa waliokula vitu vyenye krimu ya tartari, ule unga mweupe wanaoutumia waokaji. Asidi hiyo hupanda na kushuka kulingana na aina ya zabibu na ilivyoiva. Ndiyo maana mbwa mmoja anakula konzi nzima anabaki anachezacheza, na mwingine anakula chache analazwa. Hakuna kipimo ambacho mtu anaweza kukuambia "hapa ni salama".

Mara nyingi huanza kwa kutapika ndani ya saa 24, kisha mbwa ananyong'onyea na kukataa chakula. Figo huonyesha madhara ndani ya siku moja hadi tatu. Ukisubiri mpaka mkojo upungue, umechelewa mno.

Ukwaju nao una asidi hiyohiyo tena kwa wingi, na umeshawahi kuwadhuru mbwa figo kwa njia hiyo. Wengi hawalijui hili, kwa hiyo nalirudia: ukwaju, hapana.

Na parachichi?

Usimpe. Sumu yake, pesini, huwaumiza zaidi ndege, farasi na mbuzi kuliko mbwa, ndiyo maana mbwa aliyelamba kidogo kwa kawaida hapati neno. Lakini mafuta yake ni mengi na yanaweza kufanya kongosho livimbe, na kokwa lake ni kubwa na linateleza. Yapo matunda mengine tele.

Machungwa na malimau?

Kipande kimoja kimoja cha chungwa, bila ganda wala mbegu, hakina neno. Malimau na ndimu wengi huyanusa na kuondoka, na wana haki. Asidi na mafuta ya ganda huvuruga tumbo.

Kiasi gani ni sawa?

Vitamutamu vyote kwa pamoja, biskuti zikiwemo, visizidi asilimia 10 ya kalori zake za siku. Tuchukue mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa. Anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, kwa hiyo fungu la vitamutamu ni kama 60. Ndizi ya wastani ina kalori 105 hivi. Maana yake nusu ndizi tayari inakaribia kumaliza fungu lote, na kwa mbwa wa kilo 5 ni kama theluthi tu. Tikiti maji lina nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji: gramu 100 ni kalori 30 hivi.

Mimi hukata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vitatu au vinne, basi. Mbwa hahesabu kalori, anahesabu mara ngapi mkono wako umekuja kwake. Kipande kimoja kikubwa ukikikata mara nne, umempa furaha nne. Tunda jipya lianze na kipande kimoja, kisha angalia choo chake kesho yake. Kikiwa cha majimaji, tunda hilo halimfai au ulizidisha.

Mwenye kisukari, mnene kupita kiasi au aliyewahi kuugua kongosho asipewe kabla hujaongea na daktari wake.

Juisi, matunda ya kopo na yaliyokaushwa?

Sukari tupu. Cha kuogopa zaidi ni vitu vilivyoandikwa "bila sukari": vingine vina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari kwenye damu ya mbwa ghafla, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na inaweza kuharibu ini. Soma lebo. Matunda yaliyoanguka na kuchacha chini ya mti nayo yana pombe, na mbwa hulewa haraka kuliko unavyodhani.

Ameshakula kilichokatazwa. Nifanyeje?

Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje dalili. Atataka kujua amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi. Pakiti ikiwepo, nenda nayo. Ukiwahi ndani ya saa moja au mbili, anaweza kumtapisha kwa dawa kabla sumu haijaingia mwilini.

Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi ikizidi kwenye damu huleta degedege na yenyewe inaweza kumuua. Maziwa na mafuta ya kula hayaondoi sumu. Na kama alichomeza ni kokwa, usijaribu kabisa kumtapisha nyumbani, kwani lililopita kooni likishuka linaweza kukwama likirudi.