Je, wajua kwa nini kila ramani ya Counter-Strike, ule mchezo wa kompyuta wa timu mbili kupigana risasi, ina bei yake?

Jioni moja kwenye baraza ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kijana wa mtaani alinisogezea simu kahawa ikiwa bado yatoa moshi. "Ami, timu ni hizi hizi mbili. Mbona yangu hapa senti 70, hapa 40, hapa 55, na mechi nzima 58?"

Alikuwa akitazama soko la ubashiri. Masoko kama Polymarket na Kalshi huuza tiketi za ndiyo na hapana: ukinunua ndiyo na jambo likawa, unalipwa dola 1, lisipokuwa, huna chako. Tiketi ya senti 70 basi ni sawa na wanunuzi kusema uwezekano ni kama asilimia 70. Bei hupandishwa na kushushwa na wanaouziana wenyewe, kama embe za Kongowea malori yakichelewa.

Sasa, ramani ndiyo uwanja, na viwanja hivi havifanani hata kidogo. Mirage ni mji wa vichochoro wenye sura ya Moroko. Nuke ni kinu cha nyuklia ambako sehemu mbili za kutega bomu zimepandana, moja juu ya nyingine, na kwa miaka mingi imejulikana kuwapendelea walinzi, yaani timu inayozuia bomu lisitegwe. Timu huwa na ramani inayoijua kama njia ya kwao, na nyingine inaikwepa. Kwenye mechi ya ramani tatu, orodha ya ramani 7 huchujwa hivi: kila timu yaondoa moja, yachagua moja, kisha yaondoa moja tena. Inayosalia ndiyo ya kuamua, ikihitajika. Senti 70 za kijana zilikuwa za ramani waliyochagua wao. 40, ya wapinzani.

Ile 58 yatoka humo humo. Kushinda zote mbili za mwanzo ni 0.7 mara 0.4, yaani asilimia 28. Kugawana moja moja ni asilimia 54, na ya tatu wana 55 kwa mia, hivyo karibu 30. Jumla, 58. Nilimwandikia kwa kalamu nyuma ya risiti. Wakishinda ya kwanza, bei ya mechi yafaa kuwa 73. Wakishindwa, 22 tu, kwa sababu waliyoipoteza ndiyo iliyokuwa ngome yao.

Ndani ya ramani yenyewe, wa kwanza kufika raundi 13 ndiye mshindi, na baada ya raundi 12 timu hubadilishana upande. Kwa hiyo kuongoza 8 kwa 4 ukiwa mlinzi wa Nuke si jambo kubwa kama linavyoonekana, na asiyeijua ramani hununua ghali hapo.

Ubaya ni kwamba ramani moja ni rahisi kuuzwa. Mwaka 2014 wachezaji wa timu ya iBUYPOWER walijiachia makusudi washindwe na timu ya NetCodeGuides, na Januari 2015 Valve, kampuni yenye mchezo huo, ikawafungia. Jambo hilo laniuma hadi leo, maana walikuwa hodari kweli.

Tukaendelea kutazama. Matangazo ya mashindano hucheleweshwa makusudi, timu zisichunguliwe. Kwenye skrini yake raundi ya mwisho ya ramani ya kwanza ilikuwa bado yachezwa, bomu halijategwa, na bei ya mechi ilikwisha kuporomoka hadi 22.