Chakula cha bure kazini: maana yake katika kampuni kubwa za teknolojia

Chakula cha bure kazini ni sehemu ya marupurupu, yaani faida anazopata mfanyakazi nje ya mshahara. Google, ambayo ndiyo iliyoupa utaratibu huu umaarufu, ilimwajiri mpishi wake wa kwanza, Charlie Ayers, mwaka 1999, ilipokuwa na wafanyakazi wapatao 40 tu. Apple haiko hivyo: mfanyakazi hununua mlo wake kwa bei iliyopunguzwa. Hiyo ni ruzuku ya chakula, na haifai kuitwa chakula cha bure.

Kampuni haigawi sadaka. Mtu anayekula ndani hapotezi saa nzima kutafuta mgahawa mjini, na kwenye foleni ya kahawa hukutana na wenzake wa idara ambazo asingezitembelea.

Mbali na migahawa mikubwa ya bufee, yaani ya kujipakulia, kuna jiko dogo, na hapa ndipo penye utaalamu. Ni kona yenye mashine ya kahawa, friji, matunda na vitafunwa, hatua chache kutoka mezani pa kazi. Ukaribu huo ndio faida yake na ndio hatari yake, kwa sababu mkono huokota kile jicho linachokiona. Katika ofisi ya Google ya New York, peremende za chokoleti zilihamishiwa kwenye vyombo visivyoonyesha kilichomo, huku karanga na matunda makavu yakiwekwa kwenye mitungi ya kioo. Ndani ya wiki 7, wafanyakazi wapatao 2,000 walikula kalori milioni 3.1 pungufu za peremende hizo. Hakuna aliyekatazwa kitu. Umbali nao una nguvu: vitafunwa vikiwa mita 2 kutoka mashine ya kahawa huliwa zaidi kuliko vikiwa mita 5. Kwa hiyo anayepanga jiko dogo huweka maji usawa wa macho, soda rafu ya chini nyuma ya kioo chenye ukungu, na biskuti mbali na kahawa. Kwenye bufee saladi hutangulia, kwani sahani hujazwa na kinachokutwa mwanzo, na sahani yenyewe huwa ndogo ili mabaki yasijae pipani.

Saa ya mlo pia ni uamuzi mzito. Mwaka 2022 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilisogeza chakula cha jioni kutoka saa 12 hadi saa 12 na nusu, wakati basi la mwisho la wafanyakazi lilikuwa likiondoka kwa kawaida saa 12. Aliyezoea kufungasha chakula cha kwenda nacho nyumbani ikabidi achague: basi au mlo.

Migahawa ya mtaani huumia wateja wanapofungiwa ndani. Ndiyo maana mji wa Mountain View, California, mwaka 2014 uliweka sharti kwa eneo moja jipya la ofisi: kampuni isilipie zaidi ya nusu ya gharama ya mlo wa kila siku wa wafanyakazi ndani ya jengo.

Ofisi zisizo na mgahawa hutoa vocha ya kuagizia chakula. Vocha ni ya mlo unaoliwa kazini siku hiyo, basi. Mwaka 2024 Meta iliwafukuza wafanyakazi kadhaa wa Los Angeles waliotumia vocha za dola 25 kununulia dawa ya meno na glasi za kunywea mvinyo.