Usinunue betri bado, angalia athi kwanza: Land Cruiser kuukuu na chumvi ya Malindi

Haipiti muda mrefu bila mtu kunijia na betri mpya. Gari iko nyumbani imekataa kuwaka, betri ndo hii hapa na risiti yake, sasa anataka nimtafutie staata, ile mota ya kuzungusha injini mpaka iwake. Mi humwambia, ami, hizo pesa za staata rudisha mfukoni kwanza, nenda kachukue spana namba 10 na namba 12 na kipande cha msasa, halafu tuongee.

Nashughulika na gari za zamani za fo wili, zile Land Cruiser za familia ya 70 zenye injini ya 1HZ, Land Rover za kabla na baada ya jina la Defender, Hilux za masprings ya nyuma yaliyolala, na nyingi ya hizi zimeishi maisha yao yote huku pwani. Gari ya bara utaiuliza imetembea kilomita ngapi. Ya huku muulize mwenyewe inalala wapi, na kama inalala karibu na ufuo basi jua kabisa kuwa shida yake ya kwanza itakuwa umeme na shida ya umeme itakuwa athi, yaani zile nyaya za kurudishia umeme betri.

Sababu yake si uchawi. Umeme ukitoka betri kwenda staata lazima urudi betri, na kwenye gari hakuna waya wa pili wa kurudia, unarudi kupitia injini, chesisi na bodi. Zile nyaya fupi nene zinazofunga betri na injini, injini na chesisi, betri na bodi, ndo athi. Zimefungwa na bolti kwenye chuma kitupu, mara nyingi chini huko ambako hakuna anayeangalia, na upepo wa bahari kusi na kaskazi unazipuliza chumvi mwaka mzima. Chumvi inavuta unyevu, shaba inafanya ukijani, chuma kinafanya kutu, na ukijani na kutu vyote havipitishi umeme vizuri. Taa ndogo itawaka tu kwa sababu haihitaji umeme mwingi. Staata ya dizeli inavuta ampea mamia, hapo ndo unasikia tk, tk, tk halafu kimya, na mwenye gari anasema betri imekufa.

Kuipima hakuhitaji gereji. Multimita ya bei rahisi inatosha. Gari ikiwa imelala usiku kucha bila kuwashwa, betri nzima inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, basi ichaji kwanza kabla hujalaumu kitu kingine. Ukishachaji, chomoa ule waya mdogo wa solenoidi (kile kifungulio cha dizeli cha umeme) kwenye pampu ya dizeli ili injini izunguke bila kuwaka, gia iwe fri na hendibreki juu. Sasa waya mweusi wa mita uguse nguzo ya negativu ya betri, nguzo yenyewe si klampu, na mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, halafu mtu akupigie staata. Ikisoma chini ya 0.3 athi yako iko sawa, wacha nikuambie pole kwa kukusumbua. Ikisoma volti 1 ama zaidi, hizo volti zinapotea njiani na hata ununue betri ya lori hazitarudi. Fanya hivyo hivyo upande wa pozitivu, kutoka nguzo ya betri mpaka bolti nene ya staata. Huna mita? Chukua kebo ya kujampia, upande mmoja negativu ya betri, mwingine injini, piga staata. Ikizunguka kwa nguvu ushapata mwizi wako.

Kuna ishara zingine utaziona mapema ukiwa na macho. Ukiwasha indiketa na taa za paking nazo zinakonyeza. Ukikanyaga breki usiku sindano ya joto inapanda, ukiachia inashuka. Kwenye gari kuukuu kabisa utaona kebo ya klachi ama ya aksleta inapata moto bila sababu, hio ni kwa sababu umeme umekosa njia yake ukaamua kupita hapo. Mtu atakubadilishia kipima joto, atakubadilishia thamostati, na tatizo ni bolti moja nyuma ya taa.

Kusafisha kwenyewe: toa negativu ya betri kwanza, na ikirudi iwe ya mwisho kufungwa. Fungua kila athi, piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili, waya na pale inapokaa. Funga kavu, kaza, ndo sasa upake vaselini ama grisi juu yake kuzuia hewa. Kuna wanaopaka grisi kwanza halafu wanafunga, sielewi wanafikiria nini. Na vua kidogo ile plastiki ya mwisho wa waya, shaba ndani ikiwa nyeusi ama kijani usipoteze msasa wako, tupa huo waya, weka mpya mnene.

Kwa wenye Land Cruiser zenye betri mbili, kabla hujashika chochote hakikisha zimefungwa kwa volti 12 ama kwa 24, maana baadhi ya zile zilizotoka Japani kama mtumba ni 24 na ukiweka balbu ama hita plagi (ile ya kupasha injini moto kabla ya kuwaka) ya 12 itakuaga hapo hapo.

Hizo hita plagi zenyewe nazo zina kisa cha huku. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 ya silinda 6 isiyopiga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, inachomea kwenye kichemba kidogo pembeni, kwa hio ikiwa baridi inazihitaji hita. Sasa hapa Malindi asubuhi joto mara chache linashuka chini ya nyuzi 20, gari itawaka hata kama tatu zimekufa, itakohoa kidogo na moshi mweupe halafu itulie, na mwenyewe anaona sawa tu. Siku akialikwa harusi Nyahururu, huko juu mita kama 2,300, asubuhi ndo anagundua, na anakupigia simu saa kumi na mbili alfajiri kama vile wewe ndo umeleta baridi. Toa ile bati inayoziunganisha, chukua taa ya testa, klipu kwenye pozitivu ya betri na ncha iguse kichwa cha kila plagi. Testa ikiwaka hio plagi nzima, isipowaka imekatika. Dakika chache tu.

Kama staata inazunguka vizuri, hita ziko sawa, na gari inawaka inazima, inawaka inazima, hasa asubuhi, basi inavuta hewa mahali kwenye dizeli. Dizeli ikivuja nje utaona tone chini, lakini upande ule pampu inavuta kutoka tangi hakuna tone, hewa ndo inaingia. Weka kipande cha mpaipu wa plastiki unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa, angalia kama kuna mapovu, ukiyaona rudi nyuma hatua moja moja mpaka tangi. Mara nyingi ni mpira mkuukuu wa juu ya tangi ama klipu iliyooza kwa ile ile chumvi. Na ile filta ya kutenga maji, fungua koki ya chini umwage, tangi likikaa nusu wakati wa masika linatoa jasho ndani.

Sasa mbele, kwenye ule mviringo wa chuma nyuma ya tairi unaogeuka ukikata kona. Ndani yake kuna grisi nzito, na difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, ina oili nyepesi, na katikati kuna oil sili (mpira wa kuzuia oili) moja tu inayozitenganisha. Sili ikichoka oili inaingia kwenye grisi, inakuwa uji, inatoka nje inachafua tairi kwa ndani. Huo uji ukiuona usiongeze grisi ukaondoka, maana difu nayo sasa ina upungufu. Wale wanaovuta boti ufuoni Mayungu ama Ngomeni nawaomba waangalie zaidi, unafika na difu imepata moto, unairudisha nyuma mpaka ekseli inaingia baharini, inapoa ghafla, na kama lile tundu la kupumulia juu ya ekseli limeziba na mchanga basi inavuta maji kupitia sili. Fungua nati ya difu, oili ikiwa kama chai ya maziwa mwaga yote leo, usingoje kesho. Na tafadhali ukiinua gari usiiegemeze kwenye jiwe la kuchonga. Najua kila ua hapa lina rundo lake, lakini hilo ni tumbawe, linapasuka bila taarifa. Tumia stendi za chuma ama magogo mapana.

Kuosha chini ni muhimu kuliko kuosha juu, ila uliza maji yanatoka wapi. Visima vingi karibu na bahari ni vya maji ya chumvi, mtu anaosha chesisi kila Jumamosi kwa bidii na anaongeza ugonjwa. Tumia ya mfereji ama ya mvua, ingiza mpaipu kwenye matundu ya chesisi mpaka maji yatoke safi upande wa pili, na matundu ya chini yawe wazi. Oili chafu ya injini wengi wanapaka chini, mi siipendi, inalegeza mipira ya bushi na inashika mchanga. Land Rover bodi yake aluminiamu tangu 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, kwa hio watu hudhani haiozi. Chesisi ni chuma, na pale aluminiamu inapokutana na chuma, chumvi ikiwepo, inayooza ni aluminiamu, utaona unga mweupe chini ya rangi kwenye kona za milango.

La mwisho ni belti ya taimingi ya 1HZ, ile inayopatanisha mwendo wa vali na pistoni, kilomita 100,000, na taa yake ipo kwenye deshibodi lakini gari ikishapita mikono mitatu hio taa mtu kashaizima na maili kashazichezea. Kama hujui historia, badilisha belti pamoja na tenshena yake, ile inayoikaza, maana ikikatika vali zinagonga pistoni. Halafu andika tarehe na kilomita kwa maka kwenye kifuniko chake, aijue na atakayeinunua kwako.