Uwezo wa kuzalisha vipuri vya mitambo ya upepo: kufunga bolti hakutoshi

Uwezo wa kuzalisha ndani ni pale karakana, mafundi, vipimo na wateja vinapopatikana kiasi kwamba sehemu fulani ya mtambo inatengenezwa hapahapa, mara kwa mara, kwa ubora uleule na kwa bei ambayo mnunuzi ataikubali. Maana yenyewe ni hiyo, wala haina utata.

Utata unaanza watu wanapoichanganya na kuunganisha. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, mtambo wa upepo ukitajwa tu, atatokea mtu aseme "uwezo tunao". Ukimuuliza uwezo gani, anakwambia vijana wetu wanaweza kuusimamisha na kuufunga bolti. Hiyo ni kazi ya heshima na inataka ujuzi. Lakini sehemu zote zikishuka zimekamilika kutoka kwenye kontena, waliozalisha ni wengine.

Watu wa Mwanza tulipaswa kuijua tofauti hii kuliko wengi, maana tumeishi na meli. MV Victoria ilijengwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Kisumu waliunganisha meli nzima, na uwezo wa kuijenga ukabaki Scotland. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, habari yake ni nyingine. Mkandarasi alitoka Korea Kusini na injini zilitoka nje, ila mwili wake ulichomelewa hapa Mwanza Kusini. Na kule Ilemela, Songoro Marine wanaunda vivuko. Kwa hiyo anayesema Mwanza inajua kukunja na kuchomelea chuma anasema kweli, na mnara wa mtambo wa upepo ni chuma kilichokunjwa na kuchomelewa. Kilichobaki hapo ni mashine za kukunjia mabamba mazito, na vipimo vya kuhakikisha kila mshono utavumilia kutikiswa kwa miaka 20.

Mapangaboi, yaani yale mabawa marefu yanayozungushwa na upepo, ndiyo yanayoniuma zaidi. Hoja huwa ni hii: boti za faiba tunatengeneza, mapangaboi nayo ni faiba, basi tunaweza. Kwa mtambo mdogo, sawa kabisa. Pangaboi la mita moja na kitu huchongwa hata kwa mbao, kama inavyoelekeza michoro ya Hugh Piggott, fundi wa mitambo midogo ya upepo wa Scotland, na likafungwa kwenye habu ya gari, yaani kitovu cha gurudumu. Lakini mitambo ya Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye kilowati 850 kila mmoja, ina mapangaboi ya mita 25 hivi. Boti ikizidi kilo kadhaa itaelea vilevile. Mapangaboi matatu yakipishana uzito, mtambo mzima unatetemeka na beringi zinakufa mapema. Hapo kazi iko kwenye kalibu za kuyaumbia, mizani na majaribio.

Nimetaja wateja tangu mwanzo kwa makusudi. Mwaka 2014 Afrika Kusini ilifungua viwanda viwili vya minara, kimoja Atlantis na kingine Coega. Mikataba ya umeme ilipokwama, kile cha Coega kikafungwa. Mashine zilikuwapo, mafundi pia. Oda ndizo zilizokosekana. Shamba letu la upepo la Mwenga, Mufindi, lina mitambo mitatu tu. Minara mitatu haiwezi kulisha kiwanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kuisifia Mwanza, taja sehemu. Mapangaboi madogo, ndiyo. Minara, tunakaribia, oda zikija. Giaboksi, beringi na zile sumaku za jenereta zinazotoka zaidi China, bado.