Chaguo la amri ni nini? Tujifunze kwa rsync

Ukimtuma mtoto dukani akanunue sukari, umempa amri. Ukiongeza "ya kupima, siyo ya pakiti, na ukikosa usiende duka jingine", kazi ni ileile ya kununua sukari, ila sasa umempa masharti. Kwenye kompyuta, masharti ya namna hiyo huitwa machaguo ya amri: nyongeza fupi unazoandika baada ya jina la amri ili kazi ifanyike unavyotaka wewe.

Nitaeleza kwa kutumia rsync, programu ya kulandanisha faili, yaani kuifanya folda moja iwe na vitu vilevile vilivyo katika folda nyingine, hata kama zipo kwenye kompyuta mbili zilizo mbalimbali. Waliianzisha Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia mwaka 1996, na hadi leo mafundi wa seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) za Linux wanaitegemea. Nimeichagua kwa sababu machaguo yake ni mengi sana, na kati ya hayo kuna moja la kukuokoa na jingine la kukupotezea picha zote za familia.

Chaguo lina sura mbili. Ya kwanza ni kistari kimoja na herufi moja, kama -v, inayoiambia programu itaje kila inachokifanya. Ya pili ni vistari viwili na neno zima, kama --verbose, na hiyo ni -v ileile kwa jina refu. Herufi moja moja unaweza kuzifunga pamoja: -avn ni sawa na -a -v -n. Angalia sana herufi kubwa na ndogo. Kwa rsync, -p hutunza ruhusa za faili (nani anaweza kuisoma au kuibadilisha), lakini -P ni kitu kingine kabisa: huonyesha maendeleo ya kazi na kuhifadhi kipande cha faili kilichokwisha kufika hata muunganisho ukikatika katikati. Anayetuma faili kubwa kwa bando la simu ataishukuru -P, kwa sababu bila hiyo kipande kile hufutwa.

Chaguo utakalokutana nalo karibu kila mahali ni -a. Lenyewe ni fungu la machaguo saba, -rlptgoD: kuingia hadi folda za ndani, kunakili viungo vya mkato (vielekezi vya faili nyingine) kama viungo, kutunza ruhusa, tarehe, kundi na mwenye faili, pamoja na faili maalumu za vifaa. Katika saba hizo, mimi naijali zaidi -t, ile ya tarehe. Kwa kawaida rsync haisomi faili nzima ili kujua kama imebadilika. Hutazama ukubwa na tarehe ya mabadiliko. Vikilingana pande zote mbili, inaipita. Ndiyo maana mzunguko wa pili huwa mwepesi hata kama folda ina maelfu ya faili. Usipotunza tarehe, kesho yake rsync itaona tarehe hazilingani na itazishughulikia tena faili zote kana kwamba ni mpya. Kuna pia -c, inayolinganisha yaliyomo ndani ya faili, lakini kwenye diski kubwa jiandae kusubiri.

Chaguo -z hubana data ikiwa njiani. Inafaa kwa maandishi kupitia mtandao. Kwa picha za JPEG na video, ambazo tayari zimebanwa, haisaidii kitu.

Sasa tufike penye hatari. Kwa asili yake rsync huongeza na kusasisha tu. Faili uliyoifuta kwenye kompyuta itabaki kwenye diski ya chelezo (diski ya nakala za akiba) mpaka uandike --delete. Chaguo hili huagiza kwamba chochote kilichopo kule kunakopelekwa, lakini hakipo kule kunakotoka, kiondolewe. Halipiti kwenye pipa la taka na halikuulizi kama una uhakika.

Linganisha amri hizi mbili, ambapo picha ni folda inayonakiliwa na /media/diski/ ni diski ya chelezo:

rsync -av --delete picha /media/diski/
rsync -av --delete picha/ /media/diski/

Tofauti ni mkwaju mmoja, alama ya /, baada ya neno picha. Ya kwanza inapeleka folda yenyewe, kwa hiyo utapata /media/diski/picha, na ufutaji unaishia ndani ya folda hiyo. Ya pili inamwaga yaliyomo moja kwa moja juu ya diski, kisha --delete inafagia kila kitu kingine kilichokuwapo pale: nyaraka, vyeti vilivyoskaniwa, muziki. Mkwaju huo si chaguo hata kidogo, lakini unabadilisha maana ya chaguo lililo jirani yake.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Tuseme picha zako zinakaa kwenye diski ya nje, na siku hiyo hukuichomeka. Folda inayoiwakilisha ipo, ila ni tupu. rsync haioni kosa lolote: chanzo kipo na hakina kitu, basi kwa --delete nakala nayo ifanywe tupu.

Kwa hiyo namsihi kila anayeanza asiandike --delete bila kutanguliza -n, ambayo kwa jina refu ni --dry-run. Hili ni chaguo la kujaribia. Programu hupitia kazi yote na kukuonyesha ambacho ingekifanya, bila kugusa faili hata moja. Andika:

rsync -avn --delete picha/ /media/diski/picha/

Soma mistari inayoanza na neno deleting. Ukikuta jina la faili unayoihitaji, umeokoka. Ukiridhika, iite tena amri ileile, ondoa herufi n peke yake, usiguse kingine.

Kwa kazi inayojiendesha usiku bila mtu wa kuitazama, ongeza --max-delete=50, ambayo huizuia rsync kufuta zaidi ya vitu 50 kwa mkupuo. Ongeza pia --backup pamoja na --backup-dir=/media/diski/zilizofutwa, ili faili inayofutwa au kuandikwa upya ihamishiwe kwanza kwenye folda hiyo. Inakula nafasi, na siku moja itabidi uisafishe kwa mkono.