Akina Sarkies: hoteli zilibaki, ukoo ukatoka

Katika somo la hesabu za hoteli ninalofundisha, swali linalorudi kila mwaka ni hili: biashara ya familia inafaje wakati hoteli yenyewe ina jina kubwa na wageni wanaisifu? Jibu langu huanzia Penang, kisiwa cha Malaysia ya leo, kwa akina Sarkies.

Walikuwa ndugu wanne, Waarmenia wenye asili ya Isfahan huko Uajemi: Martin, Tigran, Aviet na Arshak. Mwaka 1884 walifungua hoteli ya Eastern mjini Penang, mwaka uliofuata wakaongeza Oriental, na baadaye zote mbili zikawa hoteli moja, Eastern & Oriental, ambayo hadi leo imekaa kando ya bahari. Tigran akavuka kwenda Singapore. Tarehe 1 Desemba 1887 alifungua hoteli ya Raffles katika nyumba ya vyumba 10 iliyotazama bahari, barabara ya Beach Road. Siku hizi bahari huioni pale. Imefukiwa na kusogezwa mbali.

Nyumba ile Tigran aliipanga, hakuinunua. Mwenyewe alikuwa Syed Mohamed Alsagoff, wa ukoo uliotoka Hadhramaut, huko Yemen. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi, maana Washihiri na masharifu wetu wengi asili yao ni huko huko. Wengine walikuja kwetu na kaskazi, wengine wakaelekea Singapore na Java, na Alsagoff wakawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji ule.

Biashara ilikua haraka. Jengo kuu la Raffles, lililochorwa na R.A.J. Bidwell, lilifunguliwa mwaka 1899 likiwa na taa na feni za umeme, jambo la ajabu kwa hoteli ya eneo lile. Mwaka 1901 wakafungua hoteli ya Strand mjini Rangoon (Yangon ya leo, nchini Myanmar), chini ya Aviet. Kwa muda kila nyumba ilikuwa na jicho la ndugu mmoja, na hilo ndilo lililowainua.

Sasa nataka tusimame kaunta. Mzungu wa Malaya, koloni la Waingereza lililokuwa na Penang na Singapore, enzi hizo alikuwa hatoi fedha taslimu. Akinywa, akila, akifuliwa nguo, anatia sahihi kikaratasi, na vikaratasi vinakusanywa hadi mwisho wa mwezi. Wateja wakubwa walikuwa wenye mashamba ya mpira, na wengi wao walilipa kulingana na bei ya mpira. Arshak, mdogo wa wote, aliyekuwa Penang, husimuliwa kwamba alicheza dansi na glasi ya wiski kichwani bila kuimwaga, na kwamba aliwasamehe wageni madeni yao, hata kuwalipia waliofilisika nauli ya meli kurudi kwao. Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lilikuwepo na madeni yaliandikwa. Tatizo ni kwamba walioandikwa humo wote walikula kutoka zao moja.

Martin na Tigran walifariki mwaka 1912, Aviet mwaka 1923. Arshak akabaki peke yake, na katika miaka ya 1920 akatumbukiza fedha nyingi kuipanua hoteli ya Penang. Mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 ulipoangusha bei ya mpira, wageni walipungua, madeni yakawa hayalipiki, na wanaoidai kampuni wakabisha hodi, yote kwa wakati mmoja. Arshak alifariki mwaka 1931; mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Mwaka 1933 Raffles ikaingia mikononi mwa kampuni mpya ya hisa.

Wengi humlaumu Arshak kwa ukarimu wake. Mimi siafiki. Hata angekuwa mchoyo, vitanda, mikopo na vikaratasi vyake vyote vilining'inia kwenye mti mmoja wa mpira. Malindi imeyaonja haya kwa kutegemea mno watalii wa Italia. Ndiyo maana wenye hoteli za ukoo ninaowashauri huwaambia waongeze safu moja katika daftari la madeni: mbele ya jina la kila mteja, waandike fedha yake inatoka wapi. Ikifika mwisho wa mwezi, jumlisha safu hiyo kabla ya kwenda benki kuomba mkopo wa kujenga ghorofa jipya.