Je, wajua? Kengele ukiikata kichwa inageuka nzumari

Mtu akikwambia anasomea utunzi wa muziki wa elektroniki konsevatori, yaani vile vyuo vya juu vya muziki kule Ulaya ambavyo sisi tukivifikiria tunaona vinanda vikubwa na watu wamevaa suti nyeusi, haraka haraka unajua kaenda kufundishwa kupika biti. Halafu unakuta homuweki yake ya mwanzo mara nyingi ni kitu kama hiki: nenda karekodi sauti moja tu, mlango, sufuria, kikombe, chochote kile, uje na dakika mbili za muziki zilizotoka humo humo, usiongeze ngoma wala kinanda. Wengine wanaona kama wanapotezewa muda. Mimi naona hilo ndo somo lenyewe, na sababu yake inaanzia Paris mwaka 1948.

Pierre Schaeffer alikuwa injinia wa redio ya taifa ya Ufaransa, si mtu aliyesomea utunzi. Enzi hizo studio yake haikuwa na tepu, walikuwa wanachonga sauti moja kwa moja kwenye santuri. Basi mwezi wa nne mwaka huo akawa anahangaika na kengele, akaigonga, lakini akanasa sauti baada tu ya kugongwa, ule mlio wa kugonga wenyewe akauacha nje. Aliposikiliza hakuna kengele tena! Akaandika kwamba imekuwa sauti ya oboe, na oboe ni ndugu kabisa wa nzumari yetu ya pwani, ile ya kupuliza yenye mwanzi mdomoni.

Inakuaje? Sauti ina kichwa na mkia. Nyundo ikigusa chuma, kwenye kile kipande kifupi sana cha mwanzo unatoka mchanganyiko wa mitetemo mingi isiyopatana ambayo inakufa upesi, halafu unabaki mkia ambao umetulia na unafifia taratibu. Sikio letu linategemea sana kile kichwa kutambua kitu, kama vile mtu unavyomjua kwa sura, sasa ukimfunika uso ukabaki na mwili tu unaweza ukamfananisha na mwingine. Ndo maana hata noti ya piano ukiikata mwanzo na ukausawazisha ule mkia usififie, wengi watasema ni filimbi au kinanda cha kanisani.

Jaribu mwenyewe, haihitaji chuo. Rekodi kijiko kinagonga sufuria kwa simu, ingiza kwenye programu ya kukata sauti kama Audacity ambayo ni ya bure, futa kipande cha mwanzo kabisa, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi, sikiliza, futa tena kidogo, sikiliza. Kuna mahali sufuria inapotea na hujui tena unasikia nini.

Kitu cha pili alichokiona Schaeffer ndo kikubwa zaidi kwangu. Waliokua na santuri wanajua, ikipata mkwaruzo sindano inang'ang'ania palepale na kurudia neno lilelile mpaka mtu ainuke akaisogeze. Yeye akaona hiyo si hitilafu ni chombo, akawa anachonga mfereji unaojifunga wenyewe, sauti inazunguka bila mwisho, na kwa santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika kila mzunguko haufiki hata sekunde moja. Sasa chukua treni, zungusha kipande kile kile mara ishirini, mara thelathini, unafika mahali huisikii treni tena, unasikia mkwaruzo, mdundo, kitu kinapanda na kushuka. Ni kama ukirudia neno "kijiko kijiko kijiko" mpaka maana inatoka na inabaki sauti tupu mdomoni. Huko kusikiliza sauti yenyewe bila kuuliza imetoka wapi ndo msingi wa kila kitu alichokuja kufundisha baadaye, na ndo hiyo homuweki ya mlango inataka ukifikie, uwe na mlango mpaka usiwe mlango.

Treni nimeitaja si kwa bahati mbaya. Alienda kurekodi treni stesheni ya Batignolles pale pale Paris, akatengeneza kazi ya kama dakika tatu, ikarushwa redioni tarehe 5 Oktoba 1948 pamoja na nyingine za aina hiyo. Mwaka 1966 akatoa kitabu kinene cha kuzipanga sauti kwa jinsi zinavyosikika, na mwaka 1968 konsevatori ya Paris, iliyoanzishwa 1795, ikamfungulia darasa. Yaani miaka 20 tangu ile kengele. Miaka hiyo hiyo kijana Jean-Michel Jarre naye akapita kwenye kundi lake la utafiti, huyo aliyekuja kutikisa dunia na sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti.

Ila haki isemwe, Afrika ilitangulia. Mwaka 1944 Cairo, Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya wa chuma, akaenda kunasa sherehe ya wanawake ya zar, zile ngoma za kutuliza pepo ambazo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Akarudi studio ya redio, akaziondoa sauti za chini za msingi, akabakisha zile za juu pamoja na mwangwi. Miaka minne kabla ya Paris! Inaniuma kila nikiona historia inaanzia Ufaransa na jina lake linatajwa kwa kupitia tu. Na hata leo, ukisikiliza singeli za mwanzo za Dar, kipande cha taarabu kimekatwa, kimezungushwa, kimeongezwa spidi, hiyo ni kazi ile ile ya santuri na tepu, na waliofanya hivyo hawakuhitaji ruhusa ya konsevatori yoyote.

Kwa upande mwingine kulikuwa na Cologne, Ujerumani, studio ya redio ambako miaka ya 1950 walitaka kuanza na umeme mtupu, sauti inayojengwa na mashine kutoka sifuri. Walibishana sana na watu wa Paris, mpaka mwaka 1956 Karlheinz Stockhausen, mtunzi wa hiyo studio ya Cologne, akachanganya sauti ya mtoto wa kiume na sauti za umeme kwenye kazi moja na ubishi ukaanza kupungua makali. Leo mwanafunzi anasoma vyote viwili, pamoja na fizikia ya sauti, kurekodi, kuandika programu, hasa ile inayoitwa Max iliyozaliwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki pale Paris, miaka ya 1980. Pale The Hague, Uholanzi, konsevatori ina taasisi nzima ya sonolojia, yaani elimu ya sauti, tangu 1986.

Na mtihani wake nao ni wa aina yake. Mwaka 1974 mtunzi François Bayle, wa kundi lile lile la Schaeffer, alijenga kitu kinaitwa akusmoniamu, spika kama 80 za ukubwa tofauti zimepangwa ukumbini, na vyuo vingi vimeiga kwa spika chache. Mwanafunzi anakaa katikati ya watu kwenye mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, taa zimepunguzwa, anapandisha spika hii anashusha ile, sauti inahama. Jukwaani hakuna mtu, na ule mlango wa homuweki unatokea nyuma unapita juu ya vichwa.